Lubriketa ya mvuke haidondoshi oili? Anza kuyatafuta maji

Pampu ya mvuke iliyokosa oili huguna. Sauti hutoka kwenye kisanduku cha vali, nzito, kama meza inayoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na mkono wa vali hutetemeka kabla ya kugeuza mwendo. Wengi wakiisikia hufanya jambo moja tu: wanafungua sindano ya lubriketa, kile kifaa kinachodondoshea oili kwenye mvuke unaokwenda silindani, ili matone yaongezeke. Siku mbili baadaye mashine inaguna vilevile, pipa la oili limeshuka, na maji yanayorudi boila yana utando wa mafuta juu yake.

Nimekaa na mitambo ya mvuke miaka mingi, mingi ya miaka hiyo Moshi na michache Arusha, kwenye pampu za kulisha boila na injini ndogo za silinda moja. Vijana wanaokuja kujifunza huuliza swali lilelile: "Fundi, lubriketa imekufa, tununue nyingine?" Mara nyingi haijakufa. Imenyimwa kitu kimoja inachokihitaji, na kitu hicho si oili. Ni maji.

Nitaeleza hasa ile lubriketa ya glasi, yaani ile unayoona tone la oili likipanda ndani ya bomba la kioo. Ile ya pampu, inayoendeshwa na mashine yenyewe, ina magonjwa yake na nitaifikia baadaye.

Kwanza elewa nani anamsukuma nani

Ndani ya lubriketa ya glasi hamna pampu, springi wala gurudumu. Ina tungi la oili, koili au bomba linalosimama juu yake, glasi, na sindano ya kupima matone. Mvuke unatoka kwenye bomba kuu na kuingia kwenye koili. Ukiwa humo unapoa na kugeuka maji. Maji hayo yanashuka hadi chini ya tungi, na kwa kuwa oili ya silinda ina uzito wa takribani 0.9 ya maji, inabaki ikielea juu. Kila tone la maji linaloingia chini linalazimisha oili ya kiasi hichohicho itoke juu. Oili inapita kwenye sindano, inapanda kwenye glasi iliyojaa maji, kisha inachukuliwa na mvuke hadi kwenye silinda.

Presha ya mvuke iko pande zote mbili, ya kuingilia na ya kutokea, kwa hiyo haisukumi chochote. Kinachosukuma ni uzito wa maji yaliyosimama kwenye koili. Mita moja ya maji inakupa takribani 0.1 bar, na koili nyingi hazifiki hata mita. Kazi yote inafanywa na nguvu ndogo kiasi hicho. Ndiyo maana uchafu wa ukubwa wa punje ya mchanga unaweza kuisimamisha lubriketa iliyofungwa kwenye mvuke wa bar 10.

Kabla ya vifaa hivi, mtu alipanda kwenye mashine na kumimina shahamu iliyoyeyushwa kwenye kikombe, akafungua koki, akashuka. Kwenye treni kazi hiyo ilimaanisha kusimama, au kutembea pembeni ya injini inayokwenda. Wazo la kutumia maji ya mvuke uliopoa kusukuma mafuta lilifanyiwa kazi Uingereza na John Ramsbottom mnamo 1860. Kule Marekani, Elijah McCoy alipata hataza ya lubriketa ya injini za mvuke mwaka 1872. Huyu alizaliwa Ontario, Kanada, na wazazi waliotoroka utumwa Kentucky, akasomea uhandisi mitambo Edinburgh, lakini aliporudi kutafuta kazi reli ya Michigan Central ikamweka kuchochea moto na kutia oili. Huwa namtaja kwa kila kijana anayeanza kwangu, kwa sababu aliyaona matatizo ya oili akiwa na kopo mkononi, akiwa na elimu ya kuyatatua.

Kabla hujagusa kitu

Tungi linalofanya kazi lina maji na oili chini ya presha ya boila. Kwenye bar 7 za geji mvuke una joto la nyuzi 170. Ukifungua kifuniko cha kujazia bila kufunga njia, maji hayo yanalipuka kuwa mvuke usoni mwako, na yanakuja na oili inayonata kwenye ngozi. Mfuatano wangu haubadiliki: funga sindano, funga koki ya maji (inayoshusha maji ya koili kwenye tungi), funga koki ya mvuke (inayoingiza mvuke kwenye koili), fungua dreni ya chini, yaani koki ya kumwagia, polepole, subiri hadi kuwe kimya kabisa, ndipo ulegeze kifuniko nusu mzunguko na kusubiri tena.

Jambo la pili wengi hawalijui. Ukishajaza tungi oili baridi hadi mdomoni na kuacha koki zote zimefungwa, joto la mashine litaitanua oili hiyo nayo haina pa kwenda. Tungi linaweza kupasuka. Mara tu unapomaliza kujaza na kufunga kifuniko, fungua koki ya maji hata kama huhitaji matone kwa saa nzima ijayo.

Glasi nayo iangalie kwa heshima. Ikiwa na mchubuko au ukungu usiosafishika, ibadilishe mashine ikiwa baridi.

Hakuna tone hata moja

Hapa ndipo penye mambo mengi, basi twende polepole.

Angalia saa kwanza. Mvuke umefunguliwa lini? Koili inahitaji kujaa maji kabla haijasukuma kitu, na hilo huchukua dakika 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi. Mwenye haraka hufungua sindano dakika ya tatu, haoni tone, anaifungua zaidi, halafu dakika ya ishirini oili inatoka kwa mkondo. Kama glasi ina mvuke badala ya maji, funga sindano na uache maji yajae yenyewe.

Kama muda umepita, fungua dreni ya tungi kidogo sana ukikinga kikombe cha bati. Likitoka tone la oili nyeusi mara moja, maji hayajaingia. Tatizo liko juu, upande wa koili au koki ya maji. Yakitoka maji, na yakaendelea kuwa maji kwa muda mrefu, huenda tungi limekwisha oili na limejaa maji tupu. Usione haya kukagua hilo. Nimewahi kuitwa Boma Ng'ombe kwa ajili ya lubriketa ambayo haikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya kutojazwa.

Tuseme maji hayaingii. Shika koili kwa mgongo wa mkono uliovaa glovu. Koili nzima ikiwa na joto kali sawasawa kutoka juu hadi chini, mvuke unapita bila kupoa. Katika kiwanda kimoja nilitafuta sababu siku mbili. Nilifungua koki zote, nikazibua bomba kwa waya, nikabadilisha sindano. Jioni ya pili niliuliza kama kuna kazi yoyote iliyofanyika pale wiki hiyo. Kijana mmoja akajibu kwa fahari kwamba wamefunika mabomba yote ili kuokoa mvuke. Walikuwa wamefunika na koili, kwa sufi ya glasi na bati juu yake, kazi safi kabisa. Tulipoivua, matone yalirudi baada ya robo saa. Koili inatakiwa iwe uchi na ipigwe na hewa. Vilevile usiweke lubriketa ikigusana na ukuta wa boila au juu kabisa ya silinda isiyofunikwa, maana joto linapanda na kuikuta.

Koili ikiwa baridi kabisa hata juu, mvuke haufiki. Koki imefungwa, au tundu la bomba kuu limeziba kwa magaga, yaani ukoko wa chumvi za maji.

Sasa tuseme maji yanaingia lakini tone halitoki. Hapo lawama iko kwenye oili yenyewe au kwenye sindano. Oili ya silinda ni nzito. Zile zinazotumika sana zina namba ya unene 460 au 680, na kwa mvuke mkavu wenye joto kali watu hupanda hadi 1000. Namba hizo zinapimwa oili ikiwa na nyuzi 40. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai joto likiwa nyuzi 12 au 13 oili hiyo haimiminiki bali inajivuta. Moshi kuna nafuu kidogo, lakini nako upepo wa Kilimanjaro mwezi wa Julai unaitambua lubriketa. Dawa si kuichanganya na dizeli. Nimeona watu wakifanya hivyo, na oili iliyochanganywa dizeli haina kazi ndani ya silinda yenye nyuzi 170. Weka galoni mahali penye joto karibu na boila tangu usiku, jaza oili ikiwa vuguvugu, na iache lubriketa ipate joto la chumba kabla ya kufungua sindano.

Baada ya hapo ndipo ufungue sindano kuitazama. Ncha yake huvaa utando mweusi mgumu, na pua inayotoa tone huziba kwa nyuzi za kitambaa. Oili yote ichujwe kwa waya mwembamba kabla ya kuingia kwenye tungi, na mdomo wa tungi usifutwe kwa matambara ya pamba yanayoacha nyuzi. Unaposafisha pua tumia mti laini au waya wa shaba, usitumie waya wa chuma. Tundu likitanuka au likapinda ukingo, umeleta ugonjwa mwingine nitakaoutaja chini.

Matone yanakimbia ukifunga mvuke, yanasita ukifungua

Dalili hii inawachanganya watu kwa sababu inaonekana kama ni mashine inayojiendesha kwa hasira. Mashine ikiwa na mzigo, matone ni mawili kwa dakika. Ukipunguza mvuke kwenye koki kuu ya injini, ghafla yanakuwa kumi, ishirini, au oili inapanda kwa uzi mmoja usiokatika.

Nilisema presha iko sawa pande zote mbili. Hilo ni kweli mradi tu upande wa kutokea umebanwa. Kwenye mdomo ambao oili inatokea kwenda kwenye bomba la mashine kuna kizibo chenye tundu dogo sana, mafundi tunakiita choki. Kazi yake ni kuzuia presha ya ndani ya glasi isifuate kupanda na kushuka kwa presha ya kwenye mashine. Ukifunga koki ya injini, presha upande wa silinda inaanguka. Choki ikiwa nzima, glasi haijui kilichotokea. Choki ikiwa imelika, glasi inafyonzwa na oili inakimbilia huko.

Choki hulika polepole kwa mvuke wenye maji, kwa hiyo tabia hii huja kidogo kidogo kwa miezi. Ikija ghafla, uliza nani aliifungua mara ya mwisho na aliizibua kwa kifaa gani. Nimekuta choki iliyotobolewa kwa drili ya milimita tatu na fundi aliyekuwa na nia njema, ilikuwa imeziba naye akataka isizibe tena. Choki mpya inaweza kuchongwa na fundi wa mashine ya kukereza, pale Unga Limited Arusha kazi ya namna hiyo ni ya asubuhi moja. Mpelekee choki ya lubriketa nyingine ya aina hiyohiyo iliyo nzima kama sampuli. Usimpe kipimo cha kubahatisha.

Hali ya kinyume nayo ipo. Choki ikiziba, matone yanapungua, glasi inaanza kujaa oili juu, na mwisho oili haiondoki kabisa. Ukiona oili imekusanyika sehemu ya juu ya glasi huku tone bado linapanda kutoka chini, usihangaike na sindano. Funga, punguza presha, toa choki, isafishe.

Glasi imechafuka, tone halionekani

Tone likipanda likiwa limeegemea kioo huacha alama, na alama moja huita nyingine mpaka glasi nzima iwe ya kahawia. Sababu ya kwanza ni pua iliyopinda au yenye ukingo mbaya, ndiyo ile iliyochokonolewa na waya wa chuma. Ya pili ni matone makubwa kupita kiasi. Ya tatu ni maji ya glasi yaliyochafuka. Osha glasi, nyoosha pua iwe katikati, kisha jaza glasi kwa maji ya chumvi yaliyochujwa au gliserini kabla ya kuirudishia. Vimiminika hivyo ni vizito kuliko maji matupu, kwa hiyo tone huachia pua mapema likiwa dogo na hupanda likiwa limenyooka. Gliserini inapatikana duka la dawa lolote.

Matone ni mazuri, ila mashine bado inaguna

Huu ndio ugonjwa ninaouchukia kuliko yote, kwa sababu lubriketa inaonekana haina hatia na kweli haina, lakini kila mtu anailaumu yenyewe.

Tone kuonekana kwenye glasi hakuthibitishi kwamba oili imefika kwenye vali. Fuata njia yake. Bomba linaloipeleka likiwa na tumbo, yaani limeshuka halafu likapanda, oili hukaa pale na kwenda kwa mikupuo. Bomba linapoingia kwenye bomba kuu la mvuke linatakiwa liingie hadi katikati, likatwe mshazari, ili mvuke unaokwenda kasi uipasue oili kuwa ukungu. Likiishia ukingoni, oili inatambaa kwenye ukuta wa bomba na kuingia chini ya kisanduku cha vali bila kugusa uso unaosuguana. Na kiungo hicho kiwe mbali kidogo na silinda, ili ukungu upate nafasi ya kuchanganyika. Kwenye injini moja ya kupasulia mbao upande wa Marangu, oili ilikuwa inaingizwa sentimita chache tu kutoka kwenye vali. Tulihamisha kiungo nyuma kama nusu mita, tukaingiza kibomba hadi katikati, tukapunguza matone kutoka manane hadi manne, na kuguna kukaisha.

Njia ikiwa sawa, uliza ni oili gani. Mvuke unaotoka moja kwa moja kwenye boila bila kupashwa zaidi una unyevu, na unyevu huo unaosha oili ya kawaida kwenye chuma. Oili ya silinda kwa mvuke wa namna hiyo huchanganywa na mafuta ya wanyama kidogo, asilimia chache tu, ili ishike chuma kilicholowa. Mvuke uliopashwa ukakauka unataka oili ya madini isiyo na mchanganyiko huo, inayostahimili joto bila kuungua. Oili ya injini ya gari haifai katika hali yoyote kati ya hizo. Imetengenezwa ibebe uchafu na ichanganyike nao, na ikikutana na maji ya mvuke inakuwa uji mweupe. Kwenye joto kali inaacha masizi kwenye ringi za pistoni. Gia oili ina uzito unaofanana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, lakini dawa zilizomo ndani yake zinaweza kula shaba ya vali na viungo. Shahamu tupu ya zamani nayo iachwe. Kwenye joto la mvuke huvunjika na kutoa asidi inayokula chuma cha silinda.

Oili ikiwa sahihi na njia sahihi, geukia boila. Hapa kwetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maji ya visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru yana magadi na floridi nyingi. Floridi tunaijua kwa meno ya watoto wetu. Magadi ndiyo yanayogusa kazi hii, kwa sababu maji yenye magadi yakichemka na kukolea ndani ya boila hutoa povu, na povu likipanda linaingia kwenye bomba la mvuke pamoja na maji yake. Mkupuo mmoja wa maji hayo unaosha silinda ikabaki kavu, na unaacha unga mweupe juu ya vali. Hakuna idadi ya matone itakayoshinda hilo. Dalili zake: kuguna kunakuja na kuondoka, hasa mzigo ukiongezeka ghafla, glasi ya kipimo cha maji ya boila inarukaruka, na ukifungua koki za silinda yanatoka maji mengi yenye rangi ya maziwa. Dawa ni kupuliza boila, yaani kutoa sehemu ya maji yaliyokolea, mara nyingi zaidi ili chumvi zitoke, kutokujaza maji juu ya alama, na kupima maji ya kulisha. Nikifika Arusha siku hizi, kabla ya kufungua spana naomba kuona daftari la kupuliza boila.

Mwisho, kuna njia ya kujua ukweli bila kubishana. Mashine ikisimama kwa matengenezo, fungua kifuniko cha silinda mapema, kabla haijakauka. Chukua karatasi mbili za kuvingirishia sigara, ziweke moja juu ya nyingine, uzipitishe kwa kidole kwenye ukuta wa silinda. Ya chini, inayogusa ukuta, ikilowa oili na ya pili ikapata doa hafifu, kipimo chako kiko sawa. Zikilowa zote mbili, unamwaga. Zote zikitoka kavu au na vumbi la rangi ya kutu, silinda ina njaa. Karatasi ya daftari ni nene mno, haisemi kitu.

Oili inaisha haraka

Kama matone ni yaleyale lakini tungi linakwisha mapema, tafuta uvujaji kwenye kifuniko, pakingi ya sindano na viungo vya glasi. Dreni ya chini inayovuja haimalizi oili. Yenyewe inapunguza matone, kwa sababu inaiba maji yanayosukuma. Kwa mashine ndogo mimi huanzia matone 3 au 4 kwa dakika, kisha nashuka kwa kufuata karatasi.

Lubriketa ya pampu

Hii ina sanduku la oili, ndani yake pistoni ndogo moja au zaidi, na nje mkono unaovutwa na krosihedi (kiungo cha mwisho wa fimbo ya pistoni) au na mkono wa vali. Mkono unasukuma gurudumu la meno kwa ulimi, jino moja au zaidi kila mapigo. Faida yake ni kwamba mashine ikikimbia oili inaongezeka, ikisimama inasimama. Ina nguvu ya kutosha kusukuma oili dhidi ya presha ya mvuke, ila mwishoni mwa bomba lake, pale silindani, lazima kuwe na vali ya njia moja.

Isipotoa oili, kwanza tazama gurudumu. Linazunguka, au linakwenda mbele na kurudi mahali pake? Likirudi, ulimi wa kuzuia umelika au springi yake imechoka. Lisipotikisika kabisa, urefu wa mwendo wa mkono ni mfupi kuliko jino moja. Sogeza pini kwenye tundu la pili. Gurudumu likizunguka vizuri na oili haitoki, kuna hewa kwenye bomba. Legeza nati ya mwisho karibu na silinda mvuke ukiwa umefungwa, zungusha kwa mkono hadi oili itoke bila mapovu, kaza. Kama lubriketa ina mkono wa kuzungushia, izungushe mizunguko kadhaa kila asubuhi kabla ya kufungua mvuke, maana usiku kucha oili imeshuka kutoka kwenye kuta za silinda.

Sanduku likiwa la moto na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mvuke unarudi nyuma. Vali ya njia moja imebeba masizi au kiti chake kimelika. Isafishe, isugue kwa unga laini wa kusagia, na umwage oili yote ya sandukuni. Wapo wanaoiacha itulie ili maji yajitenge. Oili yenye mchanganyiko wa mafuta ya wanyama haijitengi kirahisi, kwa hiyo imwage kwenye pipa la oili chafu.

Vikombe vya utambi kwenye bearingi sitavichambua. Utambi uwe wa sufu, uoshwe kwa mafuta ya taa ukichafuka, na uchomolewe mashine ikisimama kwa sababu utaendelea kunyonya usiku kucha hadi kikombe kikauke.

Oili iliyopita kiasi inakwenda wapi

Naliweka hili hapa kwa sababu wanaofungua sindano bila kipimo hawalioni. Kiwanda kinachorudisha maji ya mvuke uliotumika kwenye boila kinarudisha na oili. Inakaa juu ya maji, inashika kwenye mabomba ya moto, na utando mwembamba wa oili kwenye chuma cha boila unazuia joto lisiende kwenye maji. Chuma kinapata joto kuliko kinavyostahimili, kinalegea, kinatoka tumbo. Oili hiyohiyo inaongeza povu, povu linabeba maji hadi silindani, silinda inaoshwa, mashine inaguna, na mtu anafungua sindano tena. Ukiona rangi za upinde wa mvua kwenye tangi la maji ya kulisha, funga njia ya marejeo, yamwage maji hayo mahali panaporuhusiwa, na utumie maji mapya hadi kitenganishi cha oili kisafishwe. Kisha rudi kwenye lubriketa, punguza tone moja, na usubiri zamu nzima kabla ya kupunguza lingine.